Banjo ni yetu? Haya, na fundi wetu yuko wapi?

Tangu Februari 2024, Beyoncé alipotoa "Texas Hold 'Em", kuna msemo umetukaa mdomoni sisi vijana tuliosoma: banjo ni yetu. Mtu anasikia ule mlio mwanzoni mwa wimbo, anaambiwa anayepiga ni Rhiannon Giddens, mwanamke mweusi wa North Carolina, anasoma aya mbili kwamba chombo kile kina asili ya Afrika, basi. Kesho yake anatembea kifua mbele utadhani babu yake ndiye aliyekiwamba. Juzi kuna jamaa, mwanasheria kabisa, kanishika nusu saa nzima kwenye kahawa akinieleza jinsi Wazungu "walivyotuibia" banjo. Nikamuuliza, walituibia sisi nani? Wewe kwenu Moshi, mimi kwetu Mtwara. Nani kati yetu ameibiwa?

Naomba nieleweke mapema, maana najua nitakavyorushiwa mawe. Sibishi kwamba banjo imetoka Afrika. Ninachokataa ni umiliki wa mdomoni. Na nina ugomvi mkubwa zaidi na watu wa upande wa pili, wale wa matamasha ya blugrasi huko Ulaya na Marekani, ambao siku hizi wanatuambia kwa hisia nzito kwamba Afrika ndiyo mama wa banjo. Mama mwenyewe akibisha hodi anaulizwa taarifa ya benki ya miezi mitatu.

Tuanze na hiyo "yetu". Chombo kinachotajwa sana kuwa ndugu wa karibu wa banjo ni akontingi ya Wajola, watu wa Gambia, Ginebisau na Casamance kule kusini mwa Senegali. Ni kibuyu kikubwa kilichokatwa, ngozi ya mbuzi imewambwa juu yake, mpini mrefu umepenya upande huu hadi ule, nyuzi tatu. Uzi mmoja ni mfupi kuliko wenzake na hupigwa kwa kidole gumba. Huo uzi mfupi ndio ushahidi wenyewe. Banjo ya nyuzi tano unayoiona leo nayo inao, na kigingi chake hakikai kichwani pamoja na vingine, kimechomekwa pembeni katikati ya shingo. Gitaa halina kitu hicho. Mpigaji wa akontingi anashusha ukucha juu ya uzi mrefu, gumba linajibu kwenye ule mfupi. Wapo wapigaji wa milima ya Appalachia wanaopiga banjo kwa mtindo huo huo hadi leo.

Aliyeishikia bango hoja hii ni Mgambia, Daniel Laemouahuma Jatta. Akiwa mwanafunzi Marekani miaka ya 1970 alisikia banjo, akakumbuka akontingi ya baba yake. Akarudi nyumbani kuisoma upya, na mwaka 2000 akaipeleka mbele ya wakusanyaji wa banjo za kale kule Massachusetts. Hakwenda na kauli mbiu. Alikwenda na chombo mkononi.

Sasa ndugu yangu wa Kinondoni, hapo wewe umeingiaje? Zeze la Wagogo lina kibuyu na ngozi, sawa, lakini hukwaruzwa kwa upinde, ni ukoo mwingine kabisa. Watu waliovushwa Atlantiki hadi Karibi na Virginia walitolewa zaidi Afrika ya Magharibi na ya Kati. Na hata hao hawakushuka melini na banjo begani kama mtu anayetoka forodhani na mzigo wake. Waliiunda kule kule utumwani, kwa kumbukumbu za makabila mbalimbali na kwa vifaa walivyovikuta. Hans Sloane, daktari mzaliwa wa Ayalandi, aliviona vyombo vya namna hiyo Jamaika mwishoni mwa miaka ya 1680, na mchoro wake ukatoka katika kitabu chake cha mwaka 1707. Kipo kimoja cha karne ya 18 kutoka Surinam, kimehifadhiwa makumbusho ya Leiden, Uholanzi. Kipo kingine kilichochukuliwa Haiti mwaka 1841 na Victor Schoelcher, yule mpinga utumwa wa Kifaransa, kiko Paris.

Angalia tunachokijua. Tunamjua aliyechora, tunamjua aliyebeba kupeleka Paris, tunaijua makumbusho. Jina la aliyetafuta kibuyu, akakikausha, akakiwamba, hakuna aliyejisumbua kuliandika. Miaka ya 1840 banjo zinaanza kuuzwa dukani, na hapo ghafla fundi anapata jina: William Boucher wa Baltimore, mtengenezaji wa ngoma, mhamiaji kutoka Ujerumani. Simlaumu Boucher, alikuwa fundi mzuri. Lakini mwanasheria wangu wa kahawa kama anatafuta wizi, autafute hapo.

Blugrasi yenyewe imekuja baadaye sana. Bill Monroe wa Kentucky alianzisha bendi yake, Blue Grass Boys, mwaka 1939, na Desemba 1945 akajiunga nayo kijana aitwaye Earl Scruggs aliyekuwa akipiga banjo kwa vidole vitatu kwa kasi ya cherehani. Mwaka 1965 likafanyika Fincastle, Virginia, tamasha la kwanza la siku kadhaa la muziki huo. Kufikia hapo banjo ilikuwa na sura ya mzungu wa milimani mwenye kofia, na watu weusi wenyewe wengi wao hawakutaka hata kuishika, kwa sababu kwa miaka mingi ilikuwa imetumika kwenye maonyesho ya wazungu waliojipaka masizi usoni kuwakejeli. Wachache waliobaki nayo walibaki nayo vijijini. Ndipo mwaka 2005 wapigaji weusi wa banjo wakakutanishwa Boone, North Carolina, na waliokutana pale wakaunda Carolina Chocolate Drops, kundi la Giddens. Mwaka 2017 Giddens alipewa jukwaa la hotuba kuu kwenye mkutano wa mwaka wa chama cha kimataifa cha blugrasi, Raleigh, akawaeleza historia yao bila kupepesa macho. Mwaka 2020 chama hicho kikaanzisha mfuko kwa jina la Arnold Shultz, mpigaji mweusi wa Kentucky ambaye Monroe alijifunza kwake. Kwa hiyo siwezi kusema wamekaa kimya. Wanasema sana. Tatizo langu ni nani anayekaa kwenye meza.

Hapa lazima niwaeleze kuhusu meza, maana wengi wetu tunadhani tamasha ni jukwaa na vipaza sauti tu.

Agosti 2023 nilikuwa Geneva kwa kozi fupi ya uandishi, na siku ya mapumziko nikapanda treni kwenda La Roche-sur-Foron, mji mdogo wa Ufaransa chini ya milima, ambako tamasha la blugrasi limekuwa likifanyika tangu 2006. Muziki ulikuwa mzuri, sikatai. Ila kilichonikamata ni meza za mafundi. Banjo zimelala kwenye visanduku vilivyofunikwa kitambaa kama watoto wachanga, na nyuma ya kila meza mtu mwenye vidole vilivyochubuka. Nikaangukia kwa fundi mmoja Mcheki, mtu wa makamo, Kiingereza chake kibovu kuliko changu, kwa hiyo tukaelewana.

Nilidhani Mcheki na banjo ni kituko. Wapi! Wacheki wanalo tamasha la blugrasi tangu mwanzoni mwa miaka ya 1970, lilianzia mji unaoitwa Kopidlno, wakati ule nchi iko chini ya ukomunisti na dukani hakuna banjo ya nyuzi tano hata moja. Pete Seeger alipiga Prague mwaka 1964, na Marko Čermák akaenda kujitengenezea banjo yake kwa kuangalia picha. Kwa picha! Kutoka hapo mafundi wa Kicheki wamefika mahali ambapo Wamarekani wenyewe wananunua banjo zao.

Nikamuuliza fundi wangu, ilikuwaje? Akanijibu neno moja: safari. Baada ya mwaka 1989 mipaka ilipofunguka, mafundi waliingia kwenye magari yao wakaanza kuzunguka. Huku unamwona mwenzako anavyoinamisha shingo, kule mpigaji anaishika banjo yako, anaipiga dakika mbili, anairudisha bila neno, na hilo ndilo somo. Yeye mwenyewe kila mwaka anapakia banjo zake kwenye gari lake dogo: Juni kwao, Agosti Ufaransa, katikati anapita Ujerumani na Uholanzi, na wakati ule Septemba alikuwa akivuka bahari kwenda Raleigh na banjo mbili. Banjo moja ya blugrasi, yenye duara la mbao ngumu na pete nzito ya shaba ndani, ina uzito wa kilo tano hivi, na yake inauzwa zaidi ya euro 3,000. Nikamuuliza kutoka kwake mpaka pale mezani ameonyesha pasipoti mara ngapi. Hakulielewa swali. Nikalirudia. Akacheka. Hajaonyesha hata mara moja.

Kisha akaniuliza natoka wapi. Nikamwambia Tanzania. Akagonga ubao mweusi wa shingo ya banjo akasema, basi na huu ni jirani yako. Ubao ule ni eboni. Ile nzuri zaidi hutoka Kameruni. Mwaka 2011 kampuni ya magitaa ya Taylor iliingia ubia wa kununua kiwanda kizima cha mbao pale Yaoundé kwa ajili yake. Hata kile kijiti kidogo kinachonyanyua nyuzi juu ya ngozi, juu yake kimewekewa kipande cha eboni ili mlio usififie. Pita meza hadi meza kwenye tamasha lolote la blugrasi, Afrika iko pale, imelala chini ya vidole vya kila mpigaji.

Tena huo mti una sheria zinazousaidia kusafiri. Januari 2017 mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe walio hatarini uliweka udhibiti kwa jamii yote ya miti ambamo umo mpingo wetu wa Lindi na Mtwara, ule wa zumari za Kizungu. Wanamuziki na viwanda vya vyombo wakapiga kelele: mtu anasafiri na klarineti yake, ataombwa vibali kila mpaka? Wakasikilizwa. Agosti 2019 nchi wanachama zilikaa Geneva, na kuanzia Novemba mwaka huo chombo kilichokamilika kikaruhusiwa kupita bila vibali hivyo. Chini ya miaka 3! Serikali za dunia zilikaa zikaona si haki mti uliokwisha kuwa chombo usumbuliwe mpakani.

Mtu aliyeugeuza mti kuwa chombo, je?

Mwaka 2025 nilipata jibu kwa karibu. Yule Mcheki nilikuwa nimemwonyesha kwenye simu video ya Mzee mmoja fundi wa zeze na marimba wa Dodoma, nitamwita Mzee tu. Alichokiona Mcheki sikukiona mimi: jinsi Mzee anavyoivuta ngozi mbichi juu ya kibuyu bila skrubu hata moja, na haipasuki kibuyu. Akairudia video mara nne. Akataka kukaa naye. Akawasumbua waandaaji wa tamasha moja dogo la Ulaya hadi wakatoa barua: njoo, meza ipo, malazi yapo, siku nne utaonyesha unavyowamba. Barua nzuri, imejaa hayo hayo ya Afrika mama wa banjo.

Mzee akashuka Dar kwa treni ya SGR, zeze limefungwa ndani ya khanga. Nikamwambia, "Shikamoo Mzee, pole na safari." Akaniambia, "Marahaba mwanangu. Hili treni linakimbia, lakini halina dirisha la kununulia karanga." Tukajaza fomu. Mwajiri wako nani? Hana. Taarifa ya benki? Ana jumbe za M-Pesa na mbuzi. Barua ya ruhusa ya likizo? Nani ampe, kibuyu? Ada ya viza ya Schengen tangu Juni 2024 ni euro 90, haziulizwi tena hata ukikataliwa. Bima ya safari lazima ifikie euro 30,000. Pasipoti alikwisha kuilipia. Alama za vidole zikasumbua, maana miaka 40 ya kukwangua miti imezifuta nusu. Huyu ni mtu ambaye ushahidi wa kazi yake uko kwenye ngozi ya vidole, na mashine inauona kama kasoro.

Wiki mbili baadaye ikarudi ile karatasi yao ya visanduku. Kimetiwa alama kimoja: kuna shaka ya msingi juu ya nia yake ya kuondoka kabla viza haijaisha. Mzee wa miaka 66, mwenye wake, wajukuu, mbuzi na oda ya mazeze ya shule, eti anataka kuzamia kijijini Ulaya. Akaniuliza, "Wanasema nimefanya nini?" Nikamwambia hujafanya kitu Mzee, wanasema unaweza kufanya. Akanyamaza. Halafu akasema, "Basi wangemwita zeze peke yake." Kweli zeze lingefika. Ningeliposti kwa njia ya mizigo lingefika kabla ya wiki kuisha.

Najua kuna watakaosema mbona wasanii wetu wanakwenda. Ndiyo, wanakwenda wakishikwa mkono. Béla Fleck, bingwa wa banjo wa Marekani, alikuja Afrika mwaka 2005, akapita Uganda, Tanzania, Gambia na Mali na kamera nyuma yake. Filamu iliyotoka mwaka 2008 ikaitwa kwa tafsiri ya "bwaga moyo", yaani Bagamoyo. (Kuhusu maana hiyo nina yangu ya kusema, wapo wanaosema ni wapagazi waliokuwa wakibwaga mioyo kwa kupumzika baada ya safari ndefu, si watumwa waliokata tamaa. Siku nyingine.) Fleck alimpiga picha Jatta, akapiga na Anania Ngoliga wetu na ilimba yake, na mwaka 2009 Ngoliga na John Kitime wakazunguka naye Marekani. Hongera zao, na Fleck kwa hilo namheshimu. Lakini hesabu: nyota mkubwa, lebo, wakala, mwanasheria. Fundi wa zeze hana nyota wa kumshika mkono. Na mlango wenyewe unazidi kubanwa: Oktoba 2025 Marekani ilianza kuwatoza waombaji wa viza ya matembezi kutoka Gambia, kwao akontingi, dhamana ya dola 5,000 hadi 15,000. Mwezi huo huo Tanzania ikafuata.

Watasema pia, sheria za viza hazitungwi na waandaaji wa matamasha. Kweli. Ila viwanda vya vyombo navyo havikutunga ule mkataba wa miti. Walikwenda wakapiga kelele, kwa sababu mti una faida kwao. Waandaaji wa blugrasi wana wabunge wao, wana mameya wanaofungua matamasha kwa mkasi, wana magazeti. Mwaliko wa karatasi moja uliojaa sifa za Afrika ni rahisi. Kumpigia simu ofisa wa ubalozi wa nchi yako, ukamwambia huyu ni fundi, namjua, nitamsubiri uwanjani na nitamrudisha uwanjani, hiyo ndiyo kazi. Tamasha langu la barua nzuri halikupiga simu hiyo. Nilipowaandikia matokeo, walijibu kwamba wamesikitika sana na kwamba watatenga dakika 1 ya kuikumbuka Afrika jukwaani. Dakika 1!

Na sisi "wenye banjo" tumefanya nini? Angalia mabango ya matamasha yetu wenyewe hapa nyumbani: majina ya waimbaji, nembo za wadhamini. Fundi wa ngoma utamkuta nje ya geti amekaa chini na mali yake juu ya gunia, kati ya muuza maji na muuza miwani, na mgambo akipita anainuliwa. Hatumpi kitambulisho cha kazi, hatumpi cheti, hatumpi hata mstari mmoja kwenye ratiba iliyochapwa. Halafu tunashangaa ubalozi unapouliza mwajiri wake nani. Ningekuwa na barua yenye mhuri wa serikali inayosema huyu ni fundi wa vyombo vya muziki, amefundisha shule kadhaa, tumemtuma sisi, ningeiambatanisha kwa mikono miwili. Niliitafuta ofisi mbili. Ya kwanza ilinielekeza ya pili, ya pili ikaniuliza kama Mzee anaimba.

Pasipoti ya Mzee ina muda hadi 2035. Juzi nilimpigia kumuuliza kama yuko tayari kujaza fomu tena, akasema yuko tayari, ila safari hii atakuja na mbuzi mmoja wampige picha waiambatanishe. Waandaaji mnaopanga matamasha ya mwaka ujao, na nyinyi wa wizarani, anwani yangu mnayo.